Maji ya Muwa

Mwandawiro, jirani yangu hapa Kaloleni, aliacha chumvi, akaacha nyama, akawa anakimbia kila asubuhi hadi reli na kurudi. Presha ilikataa kushuka. Usingizi nao ulimkataa.

Nesi Mutindi wa kliniki alimwambia mwili ni upande mmoja tu. Kuna akili, kuna moyo, kuna watu wako, kuna Mungu, na mmoja ukioza nyingine haziponi. Mwandawiro akazishika hizo pande moja moja, kama mtu aliyepeleka gari gereji. Akajiunga na kwaya. Akanunua vitabu. Mkewe Rita akamwuliza ni lini atafika kwa Geoffrey.

Geoffrey ni kaka yake, anaishi mlimani Mwanda. Mwaka juzi mkewe, Dinah, alishikwa na uchungu wa kuzaa wakati wa mvua. Geoffrey alipiga simu kuomba gari. Mwandawiro akasema ametoka kuliosha, na barabara ya huko ina matope. Dinah alibebwa kwa machela, akafia njiani na mtoto tumboni.

Sisi Wadawida tuna desturi ya kutasa. Mwenye kinyongo anapiga funda la pombe, anaipuliza nje, anasema maneno ya amani, na hasira inatoka nayo. Mwandawiro ni mzee wa kanisa, kwa hivyo akataka maji ya muwa badala ya pombe. Alinituma nikamsihi Geoffrey. Nilidhani nitafukuzwa. Alikubali, hata akavaa koti.

Alipofika alikataa kiti. Mwandawiro alipiga magoti uani, akakiri habari ya gari bila kuficha, akilia.

"Kaka, itoe," alisema. "Inaniua."

Geoffrey akapiga funda kubwa, mashavu yakajaa. Mwandawiro akafumba macho, akangoja.

Geoffrey akameza.

Alimeza polepole, tukiona koo lake likipanda na kushuka. Akafuta mdomo kwa mkono wa koti.

"Tamu," alisema. "Hii nakaa nayo."

Akaanza kuondoka. Rita akamkimbilia na funguo, akamwomba akubali apelekwe nyumbani. Geoffrey aliliangalia gari, liking'aa.

"Wacha tu, shemeji. Barabara ya Mwanda ina matope."

Ilikuwa kiangazi, vumbi tupu.

Mwandawiro bado anakimbia hadi reli. Chumvi ameirudia.