Kwa Dada Kwanza

Kampuni mbili zilizokuwa zikinyang'anyana wateja kwa miaka mingi ziliamka siku moja zikiwa kampuni moja. Zote zilikuwa na maduka ya kukodisha vitu: mashine za kufulia, majokofu, makochi, ngazi, mahema, jenereta. Mteja hanunui, anachukua, anatumia, anarudisha. Wenye mali walikaa mezani wakatia saini, mabango ya zamani yakashushwa, na milango yote ikapakwa rangi moja. Kwa nje, ndoa ilikuwa imefungwa. Kwa ndani, kila upande bado ulilala na kompyuta zake.

Aliyepewa kazi ya kuzipatanisha kompyuta hizo alikuwa mwanamke mmoja mfupi, mwenye sauti ya chini na mwendo wa haraka, ambaye ofisini kila mtu alimwita Fundi. Alikuwa mkuu wa mifumo katika ile kampuni kubwa kati ya hizo mbili. Alipokabidhiwa kazi hakushtuka wala hakujitapa. Alisema inawezekana, akauliza anaanza lini.

Kilichomfanya atabasamu peke yake alipotoka kwenye kikao kilikuwa kitu kingine. Meneja wa tawi lenye pilikapilika kuliko yote katika kampuni ile nyingine alikuwa dada yake, wa baba mmoja mama mmoja. Wafanyakazi wa tawi lile walimwita Jemedari, na jina lilimkaa. Alikuwa mrefu, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba, na hakuwa na simile na mzembe. Miaka yote hiyo ndugu hao wawili walikuwa wakila kwa waajiri waliogombana, na mama yao alizoea kuwaambia majirani kwamba yeye hakuzaa watoto, alizaa soko: huyu anasema bei hii, yule anasema ile.

Mambo yaliharibika mapema, na yaliharibikia kwenye kaunta ya Jemedari mwenyewe. Baada ya kampuni kuungana, vitu vingi vya pande zote vilikusanywa katika ghala moja, lakini kila mfumo uliendelea kuamini kwamba ghala lote ni lake. Jumamosi moja asubuhi wateja wawili wakasimama mbele ya kaunta, mkandarasi na mwalimu mkuu wa shule, kila mmoja na risiti halali mkononi, na wote wanataka jenereta ileile. Mmoja alikuwa ameikodi hapo, mwenzake ameikodi kwenye tawi la upande wa pili. Mkandarasi alikuwa na zege la kumwaga. Mwalimu alikuwa na mkutano wa wazazi, na vipaza sauti vinamngoja. Sauti zilianza kupanda. Jemedari aliwasikiliza wote wawili bila kumkata yeyote kauli, akagundua kwamba zege lingekwisha kabla ya saa saba na wazazi wasingefika kabla ya saa nane. Akampa dereva wake kazi ya kuihamisha jenereta katikati ya saa hizo, na watu wale wakaondoka wakishukuru. Kisha akainua simu.

"Mdogo wangu," alisema, "leo nimeamua kwa mdomo. Mdomo wangu hauwezi kuendesha matawi yote."

"Nimekusikia, dada. Nakuja."

Kabla ya kwenda kwa dada yake, ilimbidi Fundi apite kwa mkurugenzi wa kampuni iliyoungana. Mkurugenzi alikuwa mtu mwema, ila alipenda tarehe kama wengine wanavyopenda sukari. Alikuwa ameshatangaza siku ambayo matawi yote, kwa mpigo, yangeanza kutumia mfumo wa kampuni kubwa. Fundi alimweleza taratibu kwa nini haitawezekana. Mfumo wa upande wao ulihesabu vitu kwa jumla: ulijua kuna ngazi nyingi, haukujua ngazi ipi iko kwa nani. Mfumo wa upande wa pili uliijua kila ngazi kwa namba yake, lakini ulikuwa na kiwamba cheusi cha kompyuta za zama za kale, cha maandishi matupu, na ingawa taarifa zote zilikaa kwenye kompyuta kuu moja, kila tawi liliishi kisiwani kwake, halioni za mwenzake. Yote miwili ilikuwa imechakaa kiasi kwamba vipuri vya mashine zake vilitafutwa kama dawa ya nadra. Kuubandika mmoja juu ya mwingine, alisema, ni kumbebesha mzee mzee mwenzake. Alitaka mfumo mpya, na alitaka uingie tawi moja baada ya jingine.

Mkurugenzi akauliza itakuwaje tarehe ikipita.

"Tarehe itapita tu, hata tukiharibu kazi," Fundi alijibu. "Mimi nataka ipite maduka yakiwa wazi."

Mkurugenzi alikubali shingo upande, akauliza wataanza na tawi gani. Alitegemea kusikia tawi dogo la pembeni, lisilo na wateja. Fundi akamtajia tawi la Jemedari, na hapohapo akaongeza kwamba meneja wake ni dada yake, ili asije akalisikia kwa watu. Mkurugenzi akauliza kwa nini aanzie huko. Fundi akasema mfumo ukimshinda dada yake, heri wote wajue mapema. Ukimtosha yeye, hakuna kaunta itakayoukataa.

Dada mwenyewe hakulipokea hivyo. Fundi alipomfikishia habari, jioni, jikoni kwake, Jemedari aliweka kisu chini. Akasema kwamba anajua anachofanyiwa: dawa inajaribiwa kwake, akifa, wengine wapone. Kwamba kiwamba chake cheusi hakijawahi kumwangusha. Kwamba hao vijana wanaochora mifumo hawajawahi kusimama mbele ya mteja aliyemwacha mtoto ndani ya gari.

Fundi hakubishana. Huyu ndiye aliyemshika mkono kumfundisha kuandika, na kumpinga kulikuwa kugumu kwake hata sasa. Lakini neno la mwisho la dada yake lilikuwa la kweli, na ukweli hauna mkubwa wala mdogo. Akamwomba nafasi ya ukarani. Alitaka asimame kwenye kaunta ya tawi lake, chini ya amri ya Jemedari, mpaka aone mwenyewe mikono inavyofanya kazi.

"Utavaa aproni kama wengine," Jemedari alisema.

"Nitavaa."

"Na ukichelewa nitakufokea mbele za watu."

"Hilo umelifanya tangu nikiwa na meno ya utoto."

Jemedari alichukua kisu akaendelea kukata vitunguu, na Fundi akajua amekubaliwa.

Akavaa aproni. Asubuhi alipanga viti vya plastiki nje, alifuta mashine za kufulia zilizorudi na mchanga, alipokea makochi yenye madoa na kubishana kwa adabu na walioyatia. Kazi haikumshinda, na hakuionea haya. Jioni alirudi kwa wasaidizi wake na mambo aliyoyaona. Makarani wa pale waliandika bila kutazama kibodi. Macho yao yalibaki kwa mteja, vidole vikakimbia peke yake. Mfumo mpya, kama ulivyochorwa, uliwataka wakamate kipanya na kulenga vidude vidogo kwenye kiwamba, huku foleni ikirefuka kama mkia. Fundi aliagiza uchorwe upya, kila kazi iweze kufanywa kwa vidole tu, kama zamani. Wasaidizi walinung'unika kidogo, wakachora.

Jambo lililochukua muda mrefu kuliko yote lilikuwa majina. Kitu kilekile upande huu kiliitwa godoro dogo, upande ule godoro la wageni. Huku ngazi ndefu, kule ngazi ya paa. Kompyuta haijui kwamba hivyo ni kimoja. Ingeviandika viwili na kumwahidi mteja kisichokuwepo. Ndugu wale wakaingia ghalani pamoja, mmoja anagusa kitu, mwenzake anakitaja, na mbele ya kila rafu walibishana. Jemedari alitaka majina yake yashinde yote. Fundi alikubali mengi kwa sababu yalikuwa mazuri, akakataa machache kwa sababu hayakuwa, na aliyoyakataa hakuyarudia. Mwishoni mwa rafu za mahema Jemedari alikiri kwamba "hema la kona nne" lilikuwa jina la kipuuzi, na kwamba alilibuni yeye.

Siku mfumo mpya ulipowashwa pale tawini, Jemedari aliuhudumia kama mtu anayemhudumia mgeni asiyemwalika: kwa heshima, bila tabasamu. Asubuhi yote haukukosea, naye hakuusifu. Ndipo akaingia mama mmoja mjamzito, aliyetaka mashine ya kufulia siku hiyohiyo. Tawini hakuna. Zamani Jemedari angepiga simu tawi hadi tawi, au angemwambia mteja arudi wiki ijayo. Sasa kiwamba, kilichopokea kila jioni orodha za maduka yote, hata yasiyohama, kilimwonyesha mashine moja, safi, iliyokaguliwa jana, kwenye duka la mtaa wa pili, duka ambalo kwa miaka alilipita akiwa ametazama upande mwingine. Akabonyeza. Mashine ikawa ya yule mama, na dereva akaagizwa. Mama alipotoka, Jemedari alivaa miwani akasogea karibu na kiwamba.

"Nionyeshe tena," alimwambia mdogo wake.

Fundi akamwonyesha tena, na mara ya tatu Jemedari akajionyesha mwenyewe.

Walipanga kuhamia tawi la pili baada ya mwezi kuandama. Mashine kuukuu haikungoja. Katikati ya asubuhi moja, seva iliyobeba taarifa za matawi yote ya upande wa Jemedari, iliyokuwa kwenye chumba cha nyuma cha makao makuu ya zamani, ilitoa harufu ya waya kuungua na kunyamaza. Matawi yakabaki na viwamba vitupu. Mameneja walipiga simu, kila mmoja akidhani ni kwake tu. Tawi moja tu lilikuwa likihudumia wateja kama kawaida, na kila mtu alijua ni lipi.

Mkurugenzi alimwita Fundi, uso umempauka. Alitaka shughuli yote isimamishwe, wateja waombwe radhi, mafundi watafutwe wa kuifufua mashine ile.

"Tuliposema twende taratibu, ulitaka tukimbie," Fundi alisema, na sauti yake haikupanda. "Leo ndiyo siku ya kukimbia, unataka tusimame. Niachie, mkurugenzi. Taarifa zote ninazo."

Na alikuwa nazo. Tangu mwanzo alikuwa ameagiza taarifa za matawi yale zinakiliwe kila jioni kwenye mfumo mpya, matawi yenyewe yakiwa bado hayajahamia. Kilichopotea kilikuwa cha asubuhi ile tu, na hicho kilikuwa kwenye risiti zilizochapwa; makarani wangekiandika tena kwa mkono. Moyo ulimdunda, hakuwa jiwe, lakini ulidunda kama wa mtu anayeingia uwanjani, si kama wa anayekimbizwa.

Alimpigia dada yake na kumwomba makarani. Jemedari akamuuliza anataka wangapi, kisha hakusubiri jibu. Akawagawa mwenyewe, wepesi wa vidole kwenye matawi makubwa, wapole kwenye matawi yenye mameneja wakali. Halafu akakaa na simu. Mameneja wale walimjua. Wengine aliwahi kuwafundisha kazi. Aliwapigia mmoja baada ya mwingine, akawaambia anayekuja atawaonyesha, wamsikilize, wasimwambie habari za kiwamba cheusi kwa kuwa kimekwenda na hakirudi. Mmoja aliyeanza kulalamika kwamba hakuandaliwa aliambiwa kwamba hata yeye, Jemedari, hakuandaliwa, na yuko hai.

Kufikia wakati wa chakula cha mchana matawi mawili yalikuwa yamefunguka. Jua lilipoanza kupinda, mengine yakafuata. Mambo hayakwenda sawa kila mahali: duka moja lilikodisha majokofu kwa bei ya feni kwa saa nzima kabla mtu hajashtuka, na karani mmoja alilia chooni akarudi kazini. Fundi alitembea kutoka duka hadi duka, akirekebisha hapa, akisifia pale. Alipofika tawi la mwisho alimkuta dada yake ameshafika, amesimama nyuma ya kaunta isiyo yake, akimwongoza meneja wa pale kidole kwa kidole.

Wiki zilizofuata, matawi ya upande wa kampuni kubwa nayo yakahama, moja moja, kwa raha. Mkurugenzi alipata tarehe yake, ingawa si ile aliyoitangaza, akaisherehekea kwa hotuba. Alimpa Jemedari usimamizi wa kaunta za matawi yote. Jemedari aliupokea, akaweka sharti la kuchagua wakufunzi wake mwenyewe, akakubaliwa.

Ukabaki kuzimwa ule mfumo wa upande wa Fundi, ambao yeye mwenyewe aliutunza tangu alipoajiriwa. Aliuzima mchana, kwa mkono wake, dada yake akiwa mlangoni. Feni za mashine zilizunguka polepole, zikasimama. Jemedari akamuuliza kama hakuumia.

"Nimeumia kidogo," Fundi alisema. "Lakini ulishafanya kazi yake."

Jemedari akaitikia kwa kichwa. Kisha akatoa kwapani bahasha ya madai ya mameneja: wanataka mfumo uwaonyeshe pia vitu vilivyo kwenye matengenezo, na vitarudi lini, maana wateja wanauliza na wao hawana jibu. Alisema asingependa jambo hilo lichukue muda mrefu. Fundi alisogeza kiti cha pili karibu na meza, akamwambia dada yake akae, waanze na jenereta.