Bafta ya Bi Raheli

Mwaka ule nguo zilikuwa adimu hata Lushoto mjini. Duka la ushirika likiletewa vitambaa asubuhi, mchana rafu zimebaki na viberiti. Kwa hiyo Yunis aliposikia kwamba binti yake Bertha amechaguliwa kuwa Damari, yule mwanamke wa Athene aliyemwamini Paulo, katika igizo la Pasaka kanisani, alifurahi, kisha akaingiwa na wasiwasi.

"Usihangaike na cherehani," Mwalimu Kristofa, aliyeongoza igizo, alimwambia. "Wayunani wa kale walivaa kitambaa kizima. Unakunja ukingo wa juu uning'inie kifuani, unamzungushia mtoto, unabana pini mabegani, unafunga mshipi kiunoni. Basi."

Kitambaa kirefu cheupe kilikuwa kimoja tu nyumbani mle. Kilikaa ndani ya kasha la mama mkwe wake, Bi Raheli: bafta aliyoinunua wakati wa Uhuru, akaiweka iwe sanda yake. Siku hizo Bi Raheli alikuwa ameshuka Mombo kumuuguza dada yake. Yunis alijiambia kwamba nguo isiyokatwa haiharibiki. Ataifua, ataipiga pasi, ataikunja kama ilivyokuwa.

Alimsimamisha Bertha uani, akakunja, akazungusha, akabana pini. Mikunjo ikashuka vizuri ajabu. Lakini nguo ilimzidi mtoto urefu ikaburuta, na kamba ya mkonge kiunoni ilimfanya aonekane kama mzigo wa kuni. Yunis angeweza kuivuta bafta juu ya mshipi, ile ziada ikafura kiunoni. Hilo lilimjia baadaye. Mchana ule aliushika ukingo kwa meno, akauchana toka mwanzo hadi mwisho, apate mshipi.

"Mama, bibi anajua?" Bertha aliuliza.

"Simama vizuri."

Bi Raheli alirudi siku moja kabla ya Pasaka. Kanisani alikaa benchi la mbele, na mjukuu wake alipojitokeza, alipiga makofi kabla ya wengine. Walipotoka nje akasema, "Nguo ya mtoto imependeza. Mmeitoa wapi?"

"Tumeazima, mama," Yunis alisema. "Kwa mke wa mwinjilisti."

Bertha aliinamisha kichwa, akawaacha akaenda kwa wenzake.

Yunis aliifua bafta wakati mama mkwe yuko shamba, akairudisha kashani. Ule utepe wa mshipi aliuficha chini ya godoro. Kila asubuhi alipomwamkia Bi Raheli, "Shikamoo mama," na kuitikiwa, "Marahaba, mwanangu," neno lile mwanangu lilimchoma.

Siku moja alimkuta Bi Raheli amejaza kikapu viazi vikubwa, vile vya kuchagua.

"Unakwenda sokoni, mama?"

"Nampelekea mke wa mwinjilisti. Mtu amemvika mjukuu wangu, nisimshukuru?"

Yunis alipiga magoti pale pale mlangoni. "Usiende, mama. Hatukuazima kwa mtu. Ni bafta yako. Nimeitoa kashani, na nimeichana."

Bi Raheli alitua kikapu.

"Ungeniomba ningekupa," alisema. "Mtoto wa mwanangu asimame mbele za watu, mimi nimnyime kitambaa? Lakini hukuniomba. Umeninyang'anya hata raha ya kukupa."

"Nisamehe, mama."

"Leta hicho kipande. Na sindano."

Waliketi barazani, bafta imetandazwa mapajani mwao wote wawili. Yunis alirudishia utepe kwa mkono, polepole, na kila alipojitahidi kuuficha, mshono ulizidi kuonekana, kama kovu. Alitaka kuufumua aanze upya. Bi Raheli akamshika mkono.

"Uache hivyo. Nikifa, wewe ndiye utakayenivika, maana sina binti mwingine hapa. Mshono ugeuzie ndani, upande wa mwili wangu. Watu wa msibani wasije wakakuuliza."

Yunis aliinama akaendelea kushona, ingawa uzi hakuuona tena kwa machozi, na Bi Raheli akamshikia kitambaa kisiteleze.