Mpira wa Maji Katikati ya Bweni

Nilianza Sekondari ya Igunguli mwaka ilipofunguliwa, 2006. Ilikuwa na vyumba viwili, walimu watatu na hakuna dawati hata moja. Tulikalia matofali, na kila Jumatatu yalikuwa yamepungua, maana kuna watu walikuwa wakiyabeba kwenda kujengea majiko. Wasichana tulianza kumi na tisa, tukamaliza wanne. Wale kumi na tano hawakuwa wajinga. Walikaa vyumba vya kupanga, peke yao, na mlango wa bati haumzuii mtu aliyeamua kuingia.

Mimi baba alininunulia kufuli kubwa kama ngumi yake. Nililala nalo likiwa limefungwa kwa ndani kwa miaka minne. Nikaenda chuo, nikapata stashahada ya ujenzi, na Jenipha nilimzaa nikiwa hukohuko chuoni. Mwaka jana alikuwa kidato cha pili Igunguli. Kutoka kwetu hadi shuleni ni kilomita kumi na nne, kwa hiyo alikuwa amepanga chumba karibu na shule. Siku niliyompeleka nilimkabidhi kufuli lilelile. Nikaona aibu. Miaka karibu ishirini imepita, mji wa Bariadi umekua hadi bodaboda zinaegesha getini, shule ina wanafunzi mia sita, na bado nampa mtoto wangu kufuli.

Ndiyo maana habari ya bweni la wasichana niliishika kwa mikono miwili. Halmashauri ilisema wazi: wananchi wapandishe boma, kuta zikifika kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, kufikia Ijumaa ya mwisho wa Julai, serikali itaezeka. Zisipofika, bati zinakwenda shule nyingine.

Mkuu wa shule, Mwalimu Scola, aligundua namna ya kuwatoa wanaume majumbani. Aligawa jengo mara mbili. Upande wa mashariki aliwapa Bagika, wa magharibi akawapa Bagalu. Haya ni makundi mawili ya ngoma ambayo kila baada ya mavuno hushindana kwenye uwanja mmoja, na anayevuta watazamaji wengi ndiye mshindi. Kuwaambia hawa wajenge ukuta mmoja kutoka pande mbili ni kama kumwaga petroli jikoni. Walikuja na ngoma zao, wakajenga wakiimba matusi ya kutaniana, na kuta zikapanda haraka kuliko nilivyowahi kuona kazini.

Jumanne mchana ya wiki ile ya mwisho nilikwenda kukagua, kama mzazi mwenye ujuzi wa ujenzi.

"Mwadila, mayu," alinisalimia kwa Kisukuma mzee Luhende, kiongozi wa Bagika. "Njoo uone kazi ya watu. Ya wale pale usiitazame, utaumwa macho."

"Atazame tu," alijibu Masunga wa Bagalu kutoka juu ya jukwaa. "Sisi tuko juu. Nyie mmechimbia ukuta kama viazi."

Nilitazama. Masunga alisema kweli, walikuwa juu. Madirisha ya Bagalu yalipanda kuliko ya Bagika kwa nusu tofali nzima, na pale kuta zilipokutana katikati, matofali hayakufungamana hata moja. Kila kundi lilitumia kamba yake. Hakuna aliyekubali kuazima kipimo cha mwenzake.

"Nani kawapimia?" niliuliza.

"Macho," alisema Luhende.

"Macho ya nani?"

"Ya kwetu. Ya kwao yana mtoto wa jicho."

Niliwaeleza bila kupamba. Ukuta ule ungepasuka kabla ya mvua za kwanza, na mkaguzi angeliona kosa akiwa bado ndani ya gari. Dawa ilikuwa moja: upande wa juu ushuke kozi tano, yaani mistari mitano ya matofali, hadi chini ya madirisha, ujengwe upya kwa kipimo sawa. Pale katikati tungefunga kwa nguzo ya zege.

Masunga alishuka, akafuta mikono kwenye suruali. "Tubomoe sisi? Mbele ya hawa? Mama Jenipha, bora nikalime pamba ya shemeji yangu bure."

Bagika walishangilia. Kengele ya mapumziko ikalia, wanafunzi wakamiminika na vikombe vya uji. Nilimwona Jenipha kati yao, ufunguo wa lile kufuli ukining'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Nikakasirika. Nikapanda juu ya pipa.

"Kwenye ngoma anashinda nani?"

"Mwenye watu!" waliitikia wote.

"Watu ni hawa hapa. Mia sita. Leo watasimama upande utakaoanza kubomoa."

Kisha Jenipha, ambaye kwa kelele amenirithi mimi, akaanza kuimba, na wenzake wakapokea. Masunga alitupa kofia chini, akarukia ukuta wake na nyundo.

Kosa langu ni kwamba pale juu ya pipa sikusema upande gani. Nilipogeuka, Bagika nao walikuwa juu ya ukuta wao, wakibomoa kama wamelogwa.

"Nyie acheni! Wa kwenu ulikuwa sawa!"

"Tumwachie Masunga achukue watu wote?" alifoka Luhende, na tofali likaruka.

Dakika ishirini baadaye bweni lote lilikuwa chini ya madirisha. Mwalimu Scola alikuja, akatazama, akakaa kwenye lundo la mchanga. Zilibaki siku tatu.

Sikuwa na muda wa kulia. Nilitoa kwenye mkoba mpira wangu mwembamba wa kupimia, unaopitisha mwanga, nikaujaza maji. Kipimo hicho kinataka watu wawili, mmoja kila ncha, na maji yanasimama usawa uleule pande zote. Ncha moja nilimpa Luhende, nyingine Masunga.

"Ukitikisa, mwenzako anakosea," niliwaambia. "Na mwenzako akikosea, ukuta ni wenu wote."

Walisimama wakitazamana, mita thelathini kati yao, kila mmoja na kidole kwenye mpira, wametulia kama wanapigwa picha.

"Yako yamefika wapi?" aliita Luhende.

"Kidoleni. Yako?"

"Kidoleni."

"Basi weka alama, mzee. Usipumue."

Kuanzia hapo kamba ilikuwa moja. Jumatano walijenga hadi jua likazama. Alhamisi wanafunzi walipanga mstari kutoka kisimani, kidato cha kwanza hadi cha nne, ndoo zikapita mkono kwa mkono, na saa kumi jioni tulimwaga zege la mwisho la lenta. Ijumaa mkaguzi alizunguka jengo mara mbili na pima maji yake. Aliiweka juu ya dirisha la Bagalu, akaiweka juu ya dirisha la Bagika.

"Fundi wenu ni nani?"

"Sisi," walijibu Luhende na Masunga kwa pamoja. Nikawaachia. Mkaguzi akasaini.

Bati zilifika Oktoba. Januari wasichana themanini waliingia na magodoro vichwani, na ngoma zote mbili zilipigwa uwanjani kwa mara ya kwanza bila mshindi kutangazwa, ingawa kila kundi linadai lilishinda. Jenipha, aliyepewa kitanda cha juu karibu na ile nguzo ya katikati, alitoka mbio akaniwekea kitu kizito kiganjani.

"Chukua kufuli lako, mama. Huku tunalala themanini."

Nimelifunga kwenye banda la mbuzi.