Maji ya Kumwogesha Mwalimu

Komalavalli alipofika langoni mwa hekalu asubuhi ile, Pattamma muuza maua aliacha kusuka shada, akamtazama juu mpaka chini.

"Ehee! Kumbe bado upo duniani," alisema. "Mwaka mzima! Nikadhani umehamia Chennai kwa binti yako, unakula mkate wa dukani na kutazama televisheni."

"Nipo."

"Upo wapi, nawe hata salamu huitikii? Haya, chukua mrehani umpelekee Mwalimu. Na mwambie mguu wangu bado unavimba. Nimemwambia mara tatu, amenyamaza tu."

Siku za nyuma Komalavalli angecheka, angemtania huyo Pattamma mpaka wote wawili washike mbavu. Leo alipokea shada la mrehani, akaliweka kapuni juu ya shali ya sufu, akaingia ndani. Pattamma alibaki ameshika kiuno.

Mwaka wa msiba ulikuwa umekwisha juzi. Mwaka ule nyumba ya marehemu haifanyi sikukuu wala haina zamu ya hekaluni, na Komalavalli aliufuata kama ulivyo, hakupunguza wala kuongeza. Watu walimsifu kwamba amejikaza. Kujikaza gani, jamani! Anayejikaza ana kitu anachokizuia. Huyu hakuwa na kitu. Tangu mchana ule mumewe Sampath alipokata roho, hakutoa chozi hata moja, na kila alichokigusa alikigusa kwa mbali. Wali ulikuwa wali tu. Binti yake Hema alipompigia simu akilia, alimsikiliza, akamjibu, akamwambia avae soksi. Ganzi tupu.

Na hapo ndipo unapotaka kucheka, maana Mwalimu wa hekalu lile alifundisha kinyume chake. Miaka elfu iliyopita, wenye elimu walipokuwa wakisema dunia ni kiini macho, yeye alisimama akasema hapana, dunia ni kweli, mwili ni kweli, uchungu ni kweli, na vyote hivyo ni vya Mungu. Komalavalli aliyajua maneno hayo tangu yuko mdogo, angeweza kukusomea huku akichambua dengu. Ila kuyajua ni jambo jingine.

Kwa watu wa kijiji chao Mwalimu hakufa. Amekaa pale ndani, jiwe jeusi linalong'aa kwa mafuta, mikono ameikunja kifuani, na anatunzwa kama mzee aliye hai. Mwezi wa Margazhi, baridi inapoingia, haogeshwi kwa maji ya kisimani. Anachemshiwa maji, kisha anafunikwa shali mabegani. Kila siku ya mwezi ina ukoo wake wa kuchemsha. Siku ya kumi na mbili ilikuwa ya Desikan, baba yake Sampath, ikawa ya Sampath. Kabla pazia halijafunguliwa, kuhani huuliza kwa sauti kubwa, "Leo maji ni ya nani?" na mwenye zamu hulitaja jina. Sampath aliitikia miaka ishirini na tisa. Miaka minne ya mwisho, alipopooza, Komalavalli ndiye aliyemwitikia kwa jina lake.

Sasa Sampath hayupo, na hakuacha mtoto wa kiume. Mdogo wake, Varadan, alikuwa amekwenda kwa kuhani mwezi uliopita. Alisema siku ya baba yao haiwezi kushikwa na mjane, ni aibu, apewe yeye. Kuhani Aravamudan, mzee asiyependa makelele, alikata shauri hivi: Komalavalli afanye mwaka huu. Akimaliza bila dosari, siku itabaki na jina la Sampath muda wote atakaokuwa hai. Dosari ikitokea, siku ni ya Varadan, na jina litakalotajwa ni la Varadan. Basi. Hilo jina ndilo lililomtoa Komalavalli kitandani asubuhi ile. Hakujua kama bado anampenda mtu yeyote, ila alijua anataka jina lile litajwe.

Varadan alikuwa ameshafika, amesimama kando ya jiko la kuni uani, kifua wazi, alama za dini, nyeupe na nyekundu, zimechorwa upya kwenye paji la uso.

"Shemeji, umekuja," alisema. "Bado unaweza kuniachia. Moshi huu utakuharibu macho."

"Macho yangu hayana neno."

"Nakuonea huruma tu."

"Nimeona. Tangu mwezi uliopita unanionea huruma mpaka kwa kuhani."

Varadan alisogea kando kumpisha jikoni.

Komalavalli alifunga kitambaa mdomoni ili pumzi yake isiingie majini. Alipanga kuni, akawasha, akaangalia mtumishi wa hekalu akimimina maji ya kisimani kwenye sufuria kubwa ya shaba. Sheria ya hapo ni moja, na hata mtoto anayetambaa anaijua: kitu cha Mwalimu hakiguswi, hakionjwi, hakinuswi kabla yake. Ua ukilinusa, ni lako. Chakula ukikionja, ni chako. Maji ukiyagusa, hayamfai tena, yamwagwe. Unangoja mvuke upande, unamwita kuhani, umemaliza. Kazi rahisi kabisa.

Ndani wazee walianza kusoma aya. Sauti zao zilipanda na kushuka, na watu kama arobaini walikuwa wamejipanga mbele ya pazia, wamejikunyata ndani ya shali zao. Kuni zilipasuka. Komalavalli alikuwa akiutazama moto bila kuuona.

Kila asubuhi kwa miaka minne alichemsha maji namna hii hii nyumbani. Alimvuta Sampath kwenye kiti cha plastiki, akamvua, akapandisha bangili zake, akachovya kiwiko kwenye ndoo kama anayeogesha mtoto mchanga. Yakiwa moto aliongeza ya baridi. Yakiwa sawa alisema, "Haya, bwana mkubwa, bafu lako tayari," na Sampath, ambaye ulimi ulikuwa umekufa, alifumba macho mara mbili. Kufumba huko ndiko kulikokuwa kucheka kwake.

Mvuke ulipanda.

Komalavalli aliinama. Mkono wake wa kushoto ulikwenda kupandisha bangili ambazo hazikuwepo tena, maana mjane alikuwa amezivua mwaka jana. Kisha akachovya kiwiko cha mkono wa kulia kwenye maji ya Mwalimu.

"Shemeji!"

Sauti ya Varadan ilienea ua mzima. Wazee waliokuwa wakisoma walikatiza aya katikati. Mtu mmoja akasema "Loo!" na watu wakageuka, wakamwona Komalavalli ameinama juu ya sufuria, maji yakimtiririka kiwikoni.

"Ameyagusa! Jamani si mmeona? Ameyagusa maji ya Mwalimu!"

Kuhani Aravamudan alitoka nyuma ya pazia, pole pole. Alitazama sufuria, akatazama mkono.

"Komala, mwanangu," alisema. "Umetia mkono?"

"Nimetia."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa nayapima."

Minong'ono ilizuka. Mama mmoja alisema kwa sauti ya kusikika kwamba huzuni imempanda kichwani, maskini. Kuhani aliinua mkono wakanyamaza.

"Haya, umeyapima. Yakoje?"

Komalavalli alifikiri. Alitafuta kwenye mkono wake kama mtu anayetafuta ufunguo mkobani.

"Sijui," alisema.

"Hujui!" Varadan alipiga makofi. "Ametuharibia maji, ametuchelewesha watu wote hawa, halafu hajui!"

Lakini kuhani alikuwa bado anautazama mkono. Kuanzia kiwiko mpaka katikati ya kigasha ngozi ilikuwa nyekundu, na lengelenge lilikuwa limeanza kuinuka.

"Mwanangu, umeungua," alisema polepole. "Huhisi?"

"Hapana."

Mzee alisema alichokuwa hana budi kukisema. Maji yamwagwe. Yatekwe mengine. Dosari imetokea, na neno lake alilolitoa mwezi uliopita halibadiliki: siku ya kumi na mbili ni ya Varadan. Komalavalli alisikia, akaitikia kwa kichwa. Alingoja aumie, hakuumia. Alisogea ukutani akasimama na kapu lake.

Varadan alichemsha kwa haraka. Watu walikuwa wanachoka, jua limeshachungulia juu ya mnara, na hakuna kuhani anayependa pazia lisubiri. Alisukuma kuni tatu badala ya sita, akapuliza, akakohoa. Asubuhi ya baridi mvuke ni mwongo, unaonekana kabla maji hayajapata moto wa maana. Mvuke ulipoonekana tu, Varadan alisimama.

"Tayari, mzee."

Kuhani alichukua upawa wa shaba. Alikuwa amemwogesha Mwalimu miaka arobaini, na kila mwaka akiona mvuke alibeba, akaenda. Safari hii alisita. Alichota upawa mmoja, akautenga na sufuria. Maji yaliyotolewa hayarudi, si ya Mwalimu tena, mtu anaweza kuyagusa. Alitembea nayo mpaka ukutani alikosimama Komalavalli.

"Nipe mkono ule mzima," alisema.

"Mzee, tunachelewa!" Varadan aliita.

"Tumeshachelewa. Komala, nipe mkono."

Aliunyoosha wa kushoto. Kuhani akammwagia kiwikoni, kidogo kidogo.

Watu wote walikuwa wakimtazama.

"Ni ya baridi," alisema.

"Ya baridi vipi, na mvuke huo ni nini?" Varadan alisema. "Sasa hivi tu hakujua hata kama ameungua!"

"Ni ya baridi. Msimmwagie."

"Shemeji, siku si yako tena. Kaa pembeni."

"Msimmwagie!" Sauti ilimtoka kwa nguvu, hata yeye mwenyewe ilimshtua. "Atakutazama. Wewe hujui atakavyokutazama! Mimi nilimmwagia kaka yako maji ya baridi. Siku ile aliyokufa. Nilikuwa nimechoka, Varadan, nilikuwa nimelala saa mbili, amejichafua mara tatu, nikavuta ndoo sikupima. Nilijua sijapima. Nikasema, leo utaoga hivyo hivyo. Nikammwagia kichwani. Hakuweza kupiga kelele, akanitazama tu, mwili wote unatetemeka. Mchana akafa. Daktari alisema ni moyo, maji hayahusiki. Nami nikasema ndiyo, daktari."

Pattamma alikuwa ameingia akiwa na kikapu chake, ameziba mdomo kwa ncha ya sari.

Varadan alimtazama shemeji yake. Usoni palimpita hasira, kisha kitu kingine, kisha hapakupita kitu. Alichuchumaa, akachukua kuni, akazisukuma jikoni, mbili, tatu, nne. Alipuliza moto mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Alilia au ni moshi, hakuna aliyemuuliza.

Walingoja. Hakuna aliyesema tunachelewa. Kuhani alichota upawa wa pili, akaenda ukutani, akammwagia.

"Bado," Komalavalli alisema.

Upawa wa tatu.

"Sasa. Sasa ni sawa."

Sufuria ilibebwa. Kuhani alisimama mbele ya pazia, akageuka, akauliza kwa sauti kubwa ile ile ya miaka yote:

"Leo maji ni ya nani?"

Varadan alifungua mdomo. Hilo ndilo neno alilokuwa akilitaka tangu mwezi uliopita, na huenda tangu utotoni. Halikutoka. Alimgeukia Komalavalli, macho mekundu, na kwa ishara ya kidevu akamwambia, sema wewe, litaje la mumeo.

Komalavalli alielewa. Jina lilikuwa mdomoni mwake, limekaa pale tangu alfajiri. Angelisema na hakuna mtu uani pale ambaye angepinga, hata kuhani angejifanya hakusikia vizuri. Lakini alikuwa amempa Sampath maji mabaya mara moja, na haya hayakuwa maji ya Sampath, aliyachemsha Varadan.

"Ya Varadan, mwana wa Desikan," alisema.

Pazia likafunguliwa. Maji yalishuka juu ya kichwa cheusi, yakapita mabegani, yakapita kwenye mikono iliyokunjwa, na mvuke ukamzunguka Mwalimu mpaka akawa haonekani. Hakutetemeka. Kuhani alimpangusa, akamvika shada la mrehani, akamfunika ile shali ya sufu iliyotoka kapuni kwa Komalavalli, akaivuta vizuri shingoni.

Pattamma alimkuta ameketi chini, mgongo ukutani, analia kwa sauti, kamasi na machozi, kama watu wanavyolia msibani siku ya kwanza.

"Umeumia wapi, mwenzangu?" alimuuliza akichuchumaa. "Mwili au roho?"

"Kiwiko," Komalavalli alisema. "Kiwiko kinaniuma, Pattamma. Kinauma mno."

"Lete nikupake samli, nimeona wanayo jikoni."

Komalavalli aliuvuta mkono wake ule mwekundu kifuani, akaushika kwa mkono mwingine.

"Usikiguse," alisema. "Bado nataka kiniume."