Ngiri Hakuandikiwa Jibu

Jana mchana niliota niko ukurasa wa saba wa kitabu changu mwenyewe, nimepiga magoti, nakula majani. Sikuwa na njaa, kwa sababu nilisinzia juu ya meza ya kuchorea nikiwa nimeshiba wali na maharage. Nilikula kwa kuwa ndivyo nilivyochorwa.

Kitabu chenyewe ni cha watoto wa chekechea na darasa la kwanza. Kinamhusu Ngiri mwenye meno ya nje. Kuanzia ukurasa wa pili mpaka wa kumi na moja wenzake wanamcheka, Twiga akiwa kinara wao. Ukurasa wa kumi na mbili Ngiri anamtoa mtoto wa Twiga shimoni kwa meno yaleyale, wote wanampigia makofi, kitabu kinaisha. Mhariri wangu, Bwana Mkude, alikipenda sana. "Watoto wanapenda kicheko, Koleta," aliniambia. Michoro ilikuwa iende kiwandani leo asubuhi, nakala elfu tatu.

Basi nimepiga magoti, natafuna. Twiga anainama kutoka huko juu.

"Meno hayo unachimbia viazi?"

Wanyama wote wanacheka, Pundamilia akianza na Kobe akimalizia. Twiga ananyanyua shingo, anapumzika kidogo, anainama tena. "Meno hayo unachimbia viazi?" Wanacheka upya, kwa sauti ileile.

"Umeshasema," nikamwambia.

"Kila kitabu kikifunguliwa nasema," akajibu Twiga, kwa upole kabisa, kama mtu aliye kazini. "Si wewe uliyeandika?"

"Lakini bado hakijachapwa."

"Tunafanya mazoezi. Kesho tunaanza na elfu tatu."

Ngiri mwenyewe alikuwa pembeni yangu, naye kapiga magoti, ameuziba mdomo kwa ukwato mmoja. Nikamsalimia. Hakuitikia, nikadhani ana maringo.

"Hawezi," alisema Twiga. "Hana kiputo."

Nikatazama juu ya vichwa vyao. Kila mnyama alikuwa na kiputo chake cheupe kinaelea hewani na maneno ndani, hata Kobe ambaye kazi yake yote ni kusema "He!" Juu ya Ngiri palikuwa na anga tu. Nilikichora kitabu hicho kwa miezi mitano, na sikumpa neno hata moja.

Ukurasa ukafunuliwa, nikajikuta ofisini. Mlangoni pameandikwa OFISI YA UTANI, na chini yake, kwa maandishi madogo, USIEGEMEE UKUTA, BADO MBICHI. Karani alikuwa kifutio changu, kile cha pinki kilicholika upande mmoja, amevaa miwani. Kila alipotamka neno alipungua kidogo, kwa hiyo hakuwa mtu wa porojo.

"Kitabu chako kina vicheko kumi vya mtu mmoja. Umeviandikisha kama nini?"

"Utani," nikasema. "Ni utani tu."

Kifutio akafungua faili. "Twiga ni mjukuu wa Ngiri?"

"Hapana."

"Binamu yake? Mtoto wa shangazi, wa mjomba?"

"Hapana."

"Kabila la Twiga na la Ngiri ni watani?"

"Twiga hana kabila."

"Nimeuliza kama ni watani."

"Si watani."

Akaandika, akapuliza unga wake mwenyewe kutoka kwenye karatasi. "Ngiri alipofiwa, Twiga alikwenda kumchotea maji na kuwachekesha wafiwa?"

"Hakuna aliyefiwa kwenye kitabu."

"Hukumuuliza," alisema Kifutio.

Hapo nilijua nimebanwa, maana mambo haya kwetu Morogoro hata mtoto anayajua. Mtani wako anaweza kukuambia lolote mbele za watu, hata mbele ya jeneza, na hununi, kwa sababu zamu yako ipo na utamrudishia na chumvi juu. Asiye na zamu hataniwi. Huyo anaonewa.

"Lakini mwishoni wanampenda," nikajitetea. "Anamwokoa mtoto."

"Na asingemwokoa?"

Kusema kweli, sikuwahi kumfikiria Ngiri ambaye hajaokoa mtu.

"Shahidi aingie," alisema Kifutio.

Mlango ukafunguliwa, likaingia godoro. Godoro la sufi, la mistari ya bluu, lenye ramani katikati. Lilikaa kwenye kiti kwa shida, likijikunja. Nililitambua palepale. Nikasema silijui.

"Mimi sina la kusema," lilisema godoro. "Niliombwa nisiseme."

"Na nani?"

"Na aliyekuwa akinianika kabla nyumba haijaamka. Alikuwa mdogo, kamba ya kuanikia ilikuwa juu sana kwake. Alikuwa anapanda juu ya ndoo ya bluu."

"Alikuwa bibi!" Maneno yalinitoka kabla sijayazuia. "Bibi ndiye aliyekuwa anakuanika!"

"Bibi yako hakuhitaji ndoo," lilisema godoro.

Kifutio akaandika kwamba nalijua. Sasa alikuwa amebaki mdogo kama punje ya hindi, miwani imemzidi. Akatoa uamuzi kwa neno moja, "Zamu," akaisha.

Ngiri analetwa. Kalamu iko mkononi mwangu, sijui nimepewa na nani. Nachora kiputo juu ya kichwa chake, kinatoka kimepinda kama kiazi. Ngiri anakitazama. Halafu anaushusha ukwato wake polepole, nami nayaona meno niliyoyachora mwenyewe. Si meno ya ngiri. Ni meno mawili ya mbele yaliyotokeza, yenye mwanya katikati, na ningeyatambua popote.

Hamtazami Twiga. Ananitazama mimi.

"Dada," anasema, "na wewe..."

Nikaamka. Shavu langu lilikuwa limegandia kwenye ukurasa wa saba. Nilipolibandua, juu ya kichwa cha Ngiri palikuwa na kiputo kitupu, kimepinda kama kiazi, wino wake bado mbichi.

Mdogo wangu anaitwa Lukresia. Ni fundi cherehani, anaishi Ifakara. Jina la Ngiri nilimpa mimi nikiwa darasa la tano, shule nzima ikalidaka, na mpaka leo akicheka huziba mdomo kwa kiganja. Hata kwenye picha zake za harusi ameziba. Kila aliponuna nilimwambia ni utani tu. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto, nikachukua simu.

"Shikamoo dada," alipokea, cherehani ikilia nyuma yake.

"Marahaba. Lukresia, nilipokuwa nakuita Ngiri, ungekuwa na zamu ya kunijibu, ungesemaje?"

Cherehani ikanyamaza. "Leo umekula nini?"

"Nijibu tu, mdogo wangu."

Nikasikia mkasi ukiwekwa mezani.

"Dada," akasema, "na wewe ulikojoa kitandani mpaka darasa la sita. Nani alikuwa anakuanikia godoro?"

"Bibi."

"Bibi hakuwa hata na habari. Ni mimi. Nilikuwa napanda juu ya ndoo."

"Ya bluu," nikasema.

"Umejuaje?"

"Kwa nini hukusema, Lukresia? Ungesema siku moja tu, shule nzima ingekuacha wewe ikanicheka mimi."

"Ndiyo maana sikusema," akajibu. "Nilikuwa najua inavyouma."

Nililia, sioni haya kusema. Nikamwomba msamaha, miaka ishirini na saba baadaye, na nikamweleza habari ya kitabu, ya Twiga, ya kiputo kitupu, na kwamba nitamwambia Bwana Mkude asubiri, anune akitaka. Mwisho nikamuuliza kama naweza kuliandika jibu lake humo ndani.

"Liandike," alisema. "Ila aliyekojoa awe Twiga."

Kisha akacheka. Kwenye simu huoni mkono wa mtu uko wapi, lakini kicheko chake kilichozibwa nakijua, nimekisikia miaka yote hiyo. Hiki hakikuzibwa na kitu.