Mkufu Usiokuwa Ukutani

Kesho yake ilikuwa zamu yangu kusimama mbele ya wahadhiri nieleze nadharia ya seti. Kama ningenyamaza tena, nafasi ya kufundisha ingekwenda kwa mwingine. Mara iliyopita sauti ilinikauka, nikaishia kufuta ubao uliokuwa mtupu.

Shangazi yangu, mtunga shanga, aliniambia nifanyie mazoezi dukani kwake. Nikamweleza kwamba seti ni mkusanyiko wa vitu, na kwamba ipo mbinu iitwayo kulazimisha, ya kuuongezea ulimwengu wa seti kitu ambacho haukuwa nacho. Akauliza kama ulimwengu wenyewe umeridhia.

Kabla sijajibu, akaingia mteja tunayemwita Bibi Hapana, kwa kuwa ndilo neno lake la kwanza kwa kila kitu. Alitaka mkufu wa shanga nyeusi na nyeupe, usiofanana na hata mmoja ukutani. Ukuta wetu umejaa misumari, na kila msumari una mkufu wake. Shangazi akanitazama kama mtu aliyebebeshwa gunia na anatafuta wa kumpokea.

Nikachukua uzi. Mkufu wa kwanza ukutani ulianza na ushanga mweusi; nikatunga mweupe. Katika mkufu wa pili, ushanga wa pili ulikuwa mweupe, nikatunga mweusi.

"Hapana," akasema. "Hata hujui utaishaje. Unaniahidije?"

Macho yangu yalikuwa kwenye uzi, si kwake, na sauti ikatoka. "Sihitaji kuujua wote, mama. Ushanga ukishaingia hautolewi. Hizi mbili tu zimeshalazimisha jambo: vyovyote nitakavyomaliza, hautakuwa ule wa kwanza wala wa pili. Na mbele daima kuna nafasi ya kuukwepa unaofuata."

"Na ukuta ungekuwa hauna mwisho?"

"Uzi nao usingekuwa na mwisho. Kila mkufu ungefikiwa kwa zamu yake."

Akavuta kigoda, akaketi kungoja. Kwa Bibi Hapana, hayo ni makofi.

Nilipofunga fundo, Shangazi akapigilia msumari mpya, akautundika. Hapo dukani kazi haitoki kabla haijatazamwa kwa mbali. Bibi Hapana akanyoosha kidole.

"Hapana. Sasa umo ukutani."

Shangazi akashika kiuno. Mimi nikacheka, nikajishangaa.

"Ukuta ule haukuwa nao, mama. Huu ni ukuta mwingine, una ya zamani yote na huu mpya juu yake. Ndiyo mbinu yenyewe."

Akautungua mwenyewe, akauvaa, akauliza kama hesabu zangu zinahakikisha umempendeza. Nikamwambia hilo halimo. Akasema angalau mimi si mwongo.

Kesho yake nilisimama na uzi mkononi. Mhadhiri wa mstari wa mbele akauliza nawezaje kuahidi kitu ambacho sijamaliza kukitunga. Nikautazama uzi, nikaanza, "Sihitaji kukijua chote." Nilipoinua macho, ubao ulikuwa umejaa.

Darasa nimepewa. Shangazi anasema nililazimisha.