Kompyuta Iliyofunikwa Blanketi

Siku ile mjinga alikuwa Elisaria, na hata yeye mwenyewe hakatai. Anachoomba ni kwamba mkimsimulia, msisahau kutaja baridi. Ilikuwa Julai, Mlima Meru umejifunika mawingu wiki nzima, na pale Kimandolu watu walikuwa wakisalimiana kwa kidevu, mikono haitoki mifukoni.

Elisaria alikuwa ameomba kazi ya usimamizi wa matengenezo katika hoteli moja ya Njiro. Usaili ulikuwa wa video. Mara ya kwanza kompyuta yake ilizima, puu, hata hajamaliza kutaja jina la baba yake. Wenye hoteli wakamwonea huruma, wakampangia siku nyingine, wakaongeza kwamba ya tatu haipo.

Akaipeleka kwa fundi Loishiye. Fundi akaifungua, akapuliza vumbi, akaiacha mezani ikipiga nyimbo za kwaya asubuhi hadi jioni. Haikuzima.

"Kaka, mashine nzima hii. Nyumbani unaitumiaje?"

"Mezani," Elisaria akajibu, "kama msomi yeyote."

Uongo mtupu. Nyumbani aliitumia kwenye kochi, miguu juu, blanketi la Kimasai limekunjwa mapajani, kompyuta juu yake, na ncha za blanketi zimerudishwa kuizingira kama mtoto mchanga. Alikuwa amegundua kwamba ikiwaka muda mrefu inatoa joto tamu kuliko jiko la mkaa, tena bila moshi. Sasa hilo angemwambiaje Loishiye? Mwanamume mzima, fundi mitambo mwenye cheti!

Siku ya usaili akavaa shati jeupe na tai. Chini, kamera isikofika, kaptula na blanketi. Mkewe, Naisula, akapita na birika la chai na vikombe viwili.

"Baba Nancy, hiyo kompyuta inavuma kama mashine ya kusaga."

"Inafanya kazi. Niache."

Kwenye kioo akatokea mama mmoja mwenye miwani. "Bwana Elisaria, tuanze na jepesi. Ukikuta mashine inajizima yenyewe, unaanza kuchunguza nini?"

Elisaria akakohoa kitaalamu. "Kwanza kabisa, mheshimiwa..."

Puu. Giza.

Akalaani umeme, akalaani mtandao, akamlaani Loishiye na ukoo wake. Naisula hakungoja amalize. Akainyakua kompyuta, nusura aiangushe kwa jinsi ilivyomuunguza, akaiweka mezani juu ya vile vikombe viwili alivyovipindua, akafungua dirisha. Ilipopoa ikawaka, ikatulia. Elisaria akabonyeza kurudi kwenye usaili, na kioo kikiwa bado kinazungusha kile kiduara chake, akasimama kubisha.

"Umebahatisha tu. Tatizo ni yule fundi. Hii imetengenezwa ipakatwe!"

"Ipakatwe, siyo iatamiwe! Ulikuwa unasubiri itotoe?"

"Mama Nancy, humu ndani fundi ni mimi! Joto na kuzima wapi na wapi?"

"Haya, fundi, kwa nini sasa haizimi?"

"Inapumzika!"

Kumbe kiduara kilishaacha kuzunguka. Mama wa miwani alikuwa akiwatazama wote wawili, Naisula na birika lake, Elisaria na tai yake na kaptula yake.

"Swali letu limeshajibiwa, Bwana Elisaria," akasema. "Mama, wewe mbona hukuomba kazi hii?"